Kuhamisha steshenari kwenda programu huria bila kufunga duka

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Tunachapa, tunaprinti, tunapiga fotokopi, tunaskani. Kompyuta zangu ni za mtumba na nyingi hazipokei Windows 11, kwa sababu inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia kama kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wenzangu wenye steshenari wananiuliza wafanyeje. Jibu langu ni kuhamia programu huria, yaani zile ambazo mtumiaji anaruhusiwa kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa. Naanza na upande wa msimamo, yaani kwa nini programu iwe huria au isiwe, maana ndio unaowagombanisha watu hadi kazi inaachwa njiani.

Shemeji yangu ni fundi wa kompyuta na yuko upande wa Richard Stallman, mwanaprogramu Mmarekani aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo huria wa kompyuta. Kilichomchoma Stallman ni printa. Pale chuo cha MIT, Marekani, maabara yao ilipata printa ya leza ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Printa ya zamani aliwahi kuibadilishia programu ili iwajulishe watu karatasi ikikwama. Hii mpya ilikuja bila msimbo, yaani maandishi ya programu ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha, na mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa kuwa alishaahidi kutunza siri. Mtu wa steshenari hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa Stallman, mtumiaji ana haki nne: kuiendesha programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kugawa nakala zake, na kugawa nakala alizozibadilisha. Programu inayomnyima hayo anaiita dhuluma, hata ikiwa inafanya kazi vizuri.

Mhasibu wa SACCOS ya jirani hakubali. "Mwanangu, aliyeandika programu naye ana watoto wa kulisha," huniambia. Hoja yake ina umri: Bill Gates aliitoa mwaka 1976 katika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakinakili programu yake bila kulipa. Mhasibu huyu analipia programu yake ya uhasibu, na ikimsumbua anapiga simu, inapokelewa. Namheshimu kwa hilo. Halafu wapo wa katikati, kina Linus Torvalds, aliyeanza Linux, kiini cha mifumo inayoweza kushika nafasi ya Windows, mwaka 1991 na kuiweka mwaka uliofuata chini ya GPL, leseni ya Stallman inayolinda zile haki nne. Hao wanapenda msimbo wa wazi kwa sababu unazaa programu bora, na neno dhuluma hawalitumii.

Mimi nasimama hapa: faili la mteja wangu lifunguke hata baada ya miaka kumi, bila kuomba ruhusa kwa kampuni yoyote. Kwa hilo niko na shemeji. Lakini mteja aliyesimama kaunta na barua ya kazi mkononi simrudishi nyumbani eti printa haina draiva huria. Kitu nisichokikubali kabisa ni Windows na Office zilizokrakiwa, ambazo mafundi wengi wanatupigia na sisi tunaziita za bure. Leseni huna, msimbo huuoni, na hujui aliyekraki ameacha nini ndani. Wateja wanakuletea vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vyao kwenye mashine hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Usianze kwa kufuta Windows. Badilisha programu kwanza, mfumo baadaye. Weka LibreOffice (ya kuchapia, badala ya Office), Firefox (ya mtandao) na GIMP (ya picha) juu ya Windows uliyonayo, kisha wewe na anayekuchapia mzitumie mpaka mikono izizoee. LibreOffice ni mfano mzuri wa zile haki nne. Mwaka 2010, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun, iliyokuwa ikiisimamia programu ya OpenOffice.org, wachangiaji wengi wa OpenOffice.org waliondoka na msimbo wao na kuendelea kwa jina jipya, na hakuna aliyeweza kuwazuia. Na kabla ya hapo, mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwishaitafsiri OpenOffice.org kwa Kiswahili na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice.

Patakapokusumbua, hasa ukishahamia Linux, ni kwenye fonti. Mwalimu anakuletea mtihani wa kidato cha pili kwenye flashi, faili la docx. Ukilifungua, jedwali la swali la mwisho limeruka ukurasa, nafasi za kujibia zimesogea, na mwalimu anaanza kuilaumu LibreOffice. Mara nyingi shida ni kwamba ameandika kwa Calibri na mashine yako haina Calibri, kwa hiyo imeweka fonti nyingine yenye herufi pana zaidi. Weka Carlito, ambayo upana wa kila herufi yake unalingana na wa Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. Times New Roman na Arial zinabebwa na fonti za Liberation. Kwenye Linux Mint, mfumo wa Linux nitakaoueleza hapa chini, vifurushi vya fonti hizo vinaitwa fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Lifunge faili, lifungue tena mbele yake, aone jedwali limerudi mahali pake. Bado kukiwa na kasoro, mwombe akuletee PDF.

Kuhusu kuhifadhi, shemeji anataka kila kitu kiwe odt, kwa sababu ni muundo wa wazi uliopitishwa na ISO mwaka 2006. Nakala za ofisini kwangu naziweka hivyo. Mteja wa kuprinti tu nampa PDF. Atakayeenda kuhariri kwingine nampa docx, nami simhubirii.

Mikono ikishazoea, jaribu mfumo. Pakua Linux Mint, toleo jepesi la Xfce kama mashine ina RAM ndogo. Ni karibu GB 3, basi tafuta bando la usiku au mtu mwenye nakala. Iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, washa kompyuta huku ukibonyeza F12 kama ni Dell au F9 kama ni HP, uchague flashi. Mint itawaka bila kugusa diski. Hapo ndipo pa kupima: unganisha printa, toa kurasa kadhaa za rangi, skani kitambulisho, jaribu Wi-Fi. Printa nyingi za HP zinakubali mara moja kupitia HPLIP, programu ya HP ya kuendeshea printa zake kwenye Linux. Printa ikigoma, tafuta draiva ya Linux kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, hata kama ni ya kufungwa. Shemeji hununa hapo, na ana haki: hata Mint yenyewe haimo kwenye orodha ya mifumo inayopendekezwa na Free Software Foundation, shirika alilolianzisha Stallman, kwa sababu inaruhusu vitu visivyo huria. Ukikuta mambo yako sawa, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, ndipo uisimike.

Bakiza mashine moja yenye Windows ya leseni halali kama una programu ya uhasibu au draiva isiyo na mbadala. Isitumike kwa flashi za wateja.

Jirani akitaka na yeye umwekee, mtoze. GPL hairuhusu tu kugawa, inaruhusu na kuuza. Stallman mwenyewe alikuwa akiuza kanda za Emacs, programu yake ya kuandikia, kwa dola 150. Mimi natoza kazi yangu pamoja na bei ya flashi, kisha namwambia mteja awapigie nakala wengine kadiri anavyotaka.