Kulinda meno ya mtoto yasioze: anza na usiku

Wazazi wengi wanaoniletea mtoto ambaye meno yake ya mbele yamelika hadi kwenye fizi huniambia kwamba mtoto huyo hali pipi, na mara nyingi wanasema kweli. Nikiuliza analalaje, ndipo inapotajwa chupa ya uji au ya maziwa yaliyotiwa sukari. Mtu akilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayopunguza makali ya asidi ambayo bakteria huitengeneza kutokana na sukari. Kwa hiyo usiku ndio ninaouwekea mkazo zaidi.

Hatua ya 1: Chakula kiishe kabla ya mswaki. Mpe mtoto maziwa au uji wake akiwa macho, kisha msafishe meno, na baada ya hapo asipewe kitu kingine isipokuwa maji. Aliyezoea chupa asikatishwe ghafla. Ondoa sukari kwanza, kisha ongeza maji kidogo kidogo kila usiku hadi chupa ibaki na maji matupu. Mtoto mchanga anayenyonya aendelee kunyonya, ila akishaota jino lisafishwe kabla hajalala.

Hatua ya 2: Pima dawa ya meno. Mswaki huanza siku jino la kwanza linapochomoza, mara nyingi karibu na miezi 6. Kabla ya miaka 3 weka dawa kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Soma boksi, kwa sababu baadhi ya dawa za watoto hazina kabisa floridi, madini yanayoimarisha meno. Tafuta iliyoandikwa ppm 1000 (kipimo cha kiasi cha floridi) au zaidi kidogo. Wanaoishi Arusha na kandokando ya Mlima Meru, ambako baadhi ya vyanzo vya maji vina floridi nyingi inayoyatia meno madoa ya kahawia, wawe waangalifu zaidi mtoto asimeze dawa.

Hatua ya 3: Mpige mswaki wewe mwenyewe. Kaa mkekani, mlaze mtoto chali, kichwa chake kikiwa mapajani mwako, kisha uinue mdomo wake wa juu kwa kidole. Tumia mswaki mdogo wenye nywele laini, uuegemeze pale jino linapokutana na fizi, uuzungushe taratibu, usisugue kwa nguvu. Chukua dakika 2. Aliye mkubwa ateme povu bila kusukutua, ili floridi ibaki kwenye meno. Mtoto wa miaka 4 atataka kushika mswaki mwenyewe, naye aachiwe ajaribu, lakini umalizie wewe, na uendelee hivyo hadi afike miaka 7 au 8.

Hatua ya 4: Angalia kabla hujaushusha ule mdomo. Mstari mweupe kama chaki kando ya fizi ni dalili ya mwanzo ya kuoza, na katika hatua hiyo jino bado linaweza kuimarika tena kwa floridi na kwa kupunguza sukari. Ukiona rangi ya kahawia au shimo, mpeleke kliniki ya meno bila kungoja maumivu.

Hatua ya 5: Rudia mswaki asubuhi, na mchana vitu vitamu viliwe pamoja na mlo. Juisi inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima huyadhuru meno kuliko juisi hiyohiyo ikinywewa mara moja.

Karibu na miaka 6, gego la kudumu huota nyuma ya meno yote ya utotoni bila jino lolote kung'oka kwanza, na wazazi wengi hudhani nalo litabadilishwa. Halibadilishwi. Kwa kuwa huchukua miezi kadhaa likiwa chini kuliko mengine, mswaki wa kawaida hulipita juu. Uukingamize mswaki kutokea upande wa shavu hadi uguse mifereji iliyo juu ya gego hilo, na umuulize daktari kama inafaa kuzibwa.