Mzee mwenye demensia: aendelee kula kwa mkono wake

Mzee mwenye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu na ufahamu, akiacha chakula, usiseme upesi kwamba hana hamu. Mkague kinywani: vidonda, jino bovu, meno ya bandia yaliyolegea baada ya kukonda. Chunguza pia kama amepata choo, maana tumbo lililofunga hukataa mlo.

Huenda hata hakioni. Wali mweupe hupotea kwenye sahani nyeupe. Tumia sahani ya rangi moja iliyokolea, nyekundu au bluu, isiyochorwa maua. Maua atahangaika kuyaokota. Zima televisheni. Leta chakula cha aina moja kwanza, kwani ukimpangia wali, mboga na matunda kwa pamoja hushindwa kuchagua, akakaa tu.

Sasa mnawishe. Birika, beseni, maji ya vuguvugu yakimiminwa polepole: hapo ataelewa kwamba ni wakati wa kula hata kama maneno yako hayamwingii. Kaa mahali anapokuona, mle pamoja. Ukimega tonge, naye humega. Asipoanza, mtilie tonge mkononi, pitisha mkono wako chini ya wake, kisha inueni pamoja hadi mdomoni. Mara nyingi tonge la tatu humalizia mwenyewe. Usimnyang'anye kazi hiyo kwa sababu anamwaga. Nguo zinafuliwa, lakini uwezo ukishapotea ni shida kuurudisha. Kijiko kikimshinda, mpe vya kushika: kiazi kitamu, ndizi mbivu, chapati laini, samaki uliyemtoa miba yote.

Hatari kubwa ni kupaliwa, kwa kuwa chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Akae wima, miguu ikanyage chini, kidevu kiiname kidogo. Ukilazimika kumlisha, tumia kijiko cha chai, na usilete kingine kabla hujaona koo likipanda na kushuka. Wengi huficha chakula shavuni, hivyo mtazame mdomoni mkimaliza, kisha abaki wima nusu saa. Supu yenye vipande humsumbua kuliko uji mzito: maji hutangulia kooni angali anatafuna nyama. Ugali mkavu ulowe mchuzi. Karanga nzima na bisi, hapana. Mwenye usingizi asilishwe kabisa. Akikohoa kila anapokunywa, sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, au homa za kifua zikijirudia, apelekwe hospitali apimwe umezaji.

Anayekula kidogo apewe milo mitano au sita midogo, mkubwa uwe saa anayochangamka, kwa wengi asubuhi. Koroga vijiko vikubwa 4 vya maziwa ya unga katika nusu lita ya maziwa, upikie uji. Mchicha utie tui zito. Wengi hugeukia vitamu, kwa hiyo asali kidogo juu ya kiazi huweza kumfanya ale alichokikataa jana (mwenye kisukari, muulize daktari kwanza). Maji na vinywaji vifike glasi 6 hadi 8 kwa siku. Kikombe mpe mkononi. Cha mezani hukisahau.

Akidai hajala na sahani bado haijaoshwa, usibishane naye. Mpe kipande cha papai.

Mpime uzito kila mwezi kwa mizani ileile. Aliyekuwa na kilo 60 akipungua 3 kwa mwezi mmoja, aonwe na daktari, na dawa zote anazomeza zibebwe, kwani baadhi, zikiwemo za demensia yenyewe, hukata hamu ya kula.