Kuchagua pedali ya riverbu: anza na kasi ya wimbo, si wingi wa nobu

Hakuna pedali rahisi kuipenda dukani na rahisi kuijutia jukwaani kama ya riverbu, kile kisanduku cha kukanyaga kinachoongeza mwangwi kwenye sauti ya gitaa, chenye nobu, yaani vifundo vya kuzungusha. Dukani unapiga peke yako, taratibu, spika iko karibu na sikio, na mwangwi unajaza nafasi ambayo kwenye bendi ni ya ngoma, besi, kinanda na waimbaji. Ukifika kazini nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza pedali ina aina ngapi za mwangwi, jiulize nyimbo zako zinakwenda kwa kasi gani na unapigia wapi.

Hesabu kabla ya duka

Gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Jibu ni urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa mapigo 120 una pigo la milisekunde 500, na baa ya mapigo manne inachukua sekunde 2. Sasa liweke gitaa la solo ndani ya sebene: noti nne kila pigo, yaani noti moja kila milisekunde 125. Ukifungulia mwangwi wa sekunde 2, noti ya kwanza haijazimika na tayari zimeshapangana nyingine 15 juu yake. Zikiwa za kodi moja (noti zinazopigwa pamoja) zinasameheka. Kodi ikibadilika katikati, ya zamani inagombana na mpya, na anayesikiliza anapata uji badala ya solo. Mcharazaji wa namna hiyo anahitaji pedali inayoshuka vizuri hadi sekunde moja au chini yake, na pedali nyingi zinazosifiwa kwa mwangwi wa sekunde 20 hazisikiki vizuri huko chini.

Nyimbo za kuabudu za mwendo wa mapigo 70 ni habari nyingine. Pigo linakuwa milisekunde 857, baa karibu sekunde 3.4, na mara nyingi kodi inakaa baa nzima. Hapo mwangwi wa sekunde 3 au 4 una pa kukaa.

Sekunde hizo kitaalamu ni muda wa sauti kushuka kwa desibeli 60. Nobu nyingi hazina namba, kwa hiyo pima mwenyewe. Fungua kiasi cha mwangwi hadi mwisho, ziba nyuzi kwa kiganja, piga mara moja kwa nguvu, kisha hesabu kwa saa ya simu mpaka kimya. Fanya hivyo nobu ya muda ikiwa mwanzo kabisa, katikati na mwisho. Kipimo cha mwanzo ndicho watu wengi hawajali, nacho ndicho kitakachokuokoa.

Mahali nako kuna mwangwi wake. Ukumbi wa kuta za saruji na paa la bati, viti vya plastiki, bila mapazia, unakuongezea riverbu usiyoiomba. Simama katikati, piga kofi moja. Likiendelea kulia zaidi ya sekunde moja, pedali yako itatumika kwa kiasi kidogo sana humo. Muulize pia fundi mitambo kama anaweka riverbu kwenye chaneli ya gitaa pale kwenye miksa. Amplifaya ikiwa na riverbu yake ya ndani, pedali ikiwashwa, na fundi akaongeza ya kwake, unakuwa na riverbu tatu na hakuna anayejua lawama ni ya nani.

Aina zenyewe

Springi ndiyo sauti ya zamani ya gitaa la umeme. Fender walitoa kisanduku chao cha riverbu mwaka 1961: mtetemo wa sauti unapitishwa kwenye springi za chuma, unagonga mwisho na kurudi. Ndiyo maana una ule mlio wa kudondoka kwa tone la maji kila unapokwaruza uzi kwa nguvu. Inakaa vizuri na gitaa safi lisilo na ukali, hasa kwenye rithimu ya mkato. Ukitanguliza ovadraivu kali (pedali ya kuikwaruza sauti ya gitaa) kabla yake, ule mlio unageuka kelele.

Pleti inatokana na bati kubwa la chuma lililoning'inizwa ndani ya fremu. EMT 140 ya Ujerumani ilitoka mwaka 1957 na ilikuwa na uzito wa kilo zinazokaribia 270, kwa hiyo ilikaa studio na haikwenda popote. Pleti haina picha ya chumba. Inaanza mara moja, nene na laini. Kwa solo inayotakiwa kusikika mbele ya bendi, tungeichagua hii kabla ya ukumbi.

Chumba, kwenye pedali huandikwa Room, ni fupi na ndiyo inayosahaulika zaidi. Haisikiki kama efekti, ila ukiizima gitaa linakauka ghafla. Hall, yaani ukumbi, inachelewa kujaa na inachelewa kuisha. Ni ya nyimbo za taratibu. Shima huongeza oktava ya juu ndani ya mwangwi wenyewe kila unapozunguka, hivyo gitaa linasikika kama kinanda kinachopanda nyuma yake. Nzuri kwa utangulizi wa maombi. Kwa rumba, hapana.

Nobu zinazostahili pesa yako

Majina hutofautiana. Nobu ya kiasi cha mwangwi huitwa Mix, Level au Blend. Kwenye pedali ya Boss RV-6 imeandikwa E.Level. Ya muda huitwa Decay au Time. Ya rangi ya sauti ni Tone, na usiidharau: mwangwi wenye ncha kali unagongana na matoazi ya ngoma pamoja na herufi "s" za mwimbaji, kwa hiyo mara nyingi utaipunguza.

Ya nne ndiyo wanaojua huitafuta: Pre-Delay, ule ucheleweshaji kati ya noti na kuanza kwa mwangwi. Ukiiweka milisekunde 20 hadi 40, noti inatoka safi kwanza, mwangwi unafuata nyuma yake. Kwa anayepiga haraka, nobu hii ina faida kuliko aina kumi za ziada. Pedali ya Strymon BigSky inayo nobu yake kamili. TC Electronic Hall of Fame 2 ina swichi ndogo ya fupi au ndefu. Electro-Harmonix Holy Grail Nano haina. Ina nobu moja ya kiasi na swichi ya kuchagua kati ya aina tatu, na muda wa mwangwi huwezi kuubadili. Si kasoro kama unachotaka ni springi ya kuacha imewashwa usiku kucha, ila usiinunue ukitarajia kuifundisha tabia mpya.

Kwa anayenunua riverbu moja tu, pedali ndogo yenye springi, pleti, chumba na ukumbi, pamoja na nobu tatu, inatosha. RV-6 ina aina nane na iko kundi hilo. BigSky ina mashine 12, yaani aina za mwangwi, na sehemu za kuhifadhi mipangilio. Inalipa pale tu unapobadilisha sauti kwa kila wimbo na una nafasi pamoja na umeme wa kuilisha.

Umeme, panapoharibika mengi

Riverbu za kidijitali zinakula mkondo mwingi. RV-6 inataka miliampia 95, Hall of Fame 2 inataka 100, BigSky inataka angalau 300. Tundu la kawaida kwenye visanduku vingi vya kugawa umeme hutoa 100. Pedali isipotosheka hufanya vituko: inawaka na kuzima, inajianzisha upya katikati ya wimbo, au inalia kama mbu. Wengi huilaumu pedali. Soma maandishi ya chini ya pedali, kisha soma ya kisanduku cha umeme.

Miliampia zikizidi hakuna neno, kwa kuwa pedali inachukua inachohitaji tu. Volti zikizidi unaiunguza. Pedali nyingi zinataka volti 9 za mkondo wa moja kwa moja, kichwa cha duara cha milimita 2.1, na hasi iwe katikati. Adapta za redio na vinanda zinazouzwa mitaani mara nyingi zina chanya katikati, na kichwa kinaingia bila shida yoyote, hapo ndipo balaa linapoanzia. Tazama mchoro mdogo wa duara na nukta kwenye adapta: alama ya kutoa ndiyo iwe kwenye nukta. Adapta nzito za transfoma za zamani nazo ziepuke; iliyoandikwa 9 inaweza kutoa zaidi ya 12 ikiwa haijabebeshwa mzigo, na inaingiza muungurumo. Ukiletewa adapta kutoka Marekani, hakikisha imeandikwa 100–240V. Ya 120V peke yake haitamaliza dakika moja kwenye soketi ya Mombasa au Mwanza.

Ukilisha pedali zote kwa waya mmoja wa matawi, ovadraivu ya analogi na riverbu ya kidijitali zikishirikiana, utasikia mluzi mwembamba unaobadilika unapogeuza nobu. Hilo ni saa ya chipu ikipita kwenye waya wa pamoja. Dawa ni tundu lililotengwa kwa ajili ya riverbu, hata kama nyingine zitabaki kwenye tawi.

Inakaa wapi kwenye mstari

Mpangilio wa kuanzia ni huu: gitaa, wah, ovadraivu au distosheni (ukwaruzaji mkali zaidi), pedali ya volyumu, dilei (inayorudia noti), riverbu, amplifaya. Ukiitanguliza riverbu mbele ya distosheni, mwangwi mdogo unainuliwa ulingane na noti, na yote yanakuwa ukungu. Volyumu kabla ya dilei na riverbu inakuwezesha kufunga sauti kwa mguu huku mwangwi ukiisha wenyewe. Ukiiweka baada yake, unaukata kama kwa kisu.

Kama ukali wa sauti unatoka ndani ya amplifaya na si kwenye pedali, riverbu ipeleke kwenye njia ya efekti nyuma ya amplifaya, Send iende tundu la kuingilia la pedali, na tundu la kutokea lirudi Return. Mambo mawili ya kuangalia. Baadhi ya njia hizo hutoa sauti kubwa kuliko ya gitaa, na pedali ya kawaida ikilemewa hukwaruza. Punguza Send kama ina nobu. Pili, njia ikiwa sambamba, sauti safi inapita tayari ndani ya amplifaya, kwa hiyo pedali itoe mwangwi mtupu. Isipokuwa na uwezo wa kuzima sauti safi, nakala mbili zinakutana na gitaa linakonda.

Stereo lipia kama una amplifaya mbili au unaingia miksa kwa chaneli mbili zilizotawanywa kushoto na kulia. Kwenye spika moja ya ukumbini ni tundu la kukusanya vumbi.

Dukani, au kwa muuzaji wa mkononi

Nenda na gitaa lako, adapta yako na ovadraivu yako. Kwanza washa na kuzima pedali huku ukipiga kodi ileile: sauti safi isishuke wala isibadilike rangi. Kisha piga kodi na uzime mwangwi ukiwa bado unalia. Pedali nyingine zinauacha uishe, nyingine zinaukata papo hapo. Baadhi zina swichi ya ndani ya kuchagua, kama Hall of Fame 2. Kwa kubadilisha kutoka beti kwenda kiitikio, inayouacha uishe ndiyo utakayoishukuru.

Sasa sikiliza mwisho wa mwangwi, pale unapokaribia kimya. Usikie unafifia sawasawa. Ukisikia chembechembe, mlio wa kopo au noti moja inayong'ang'ania, ni ubora wa chipu na hautarekebika kwa nobu. Weka ovadraivu mbele, piga kwa kasi yako ya kawaida ya kazini, na umwombe mtu apige hata kopo kufuata mdundo, maana ukipiga peke yako utajipendelea.

Kwa iliyotumika, tikisa jeki (kichwa cha waya wa gitaa) kwa upole sauti ikiwa imefunguliwa. Mkwaruzo maana yake tundu limelegea au solda imepasuka. Fungua sehemu ya betri utafute ukungu wa kijani au mweupe. Geuza kila nobu mwanzo hadi mwisho, kanyaga swichi mara 20 mfululizo, na uiache imewashwa dakika 15 huku mnaongea bei, kwa sababu hitilafu za joto hazijitokezi kwenye dakika mbili za kwanza.