Kabla ya kwenda kutazama mambo ya kale China

Anza na tiketi, hata kabla ya kufikiria viatu. Jumba la Kifalme la Beijing, maarufu kama Mji Uliokatazwa, unalilipia mtandaoni kwa namba ya pasipoti, na tiketi hutolewa siku 7 kabla. Msimu wa wageni wengi, tiketi huisha upesi. Jumatatu hufungwa, isipokuwa ikiangukia sikukuu. Kwa hiyo tafuta kwanza siku ya jumba hili, mengine yapange baadaye. Pasipoti yenyewe uwe nayo mkononi. Na kwa kuwa watu huingia lango la kusini na kutokea kaskazini, msiahidiane na wenzako kukutana mlangoni mlikoingilia.

Aliyelijenga, mfalme Yongle, ndiye aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, kwa hiyo Mswahili haingii pale kama mgeni kabisa.

Simu ishughulikie ukiwa bado nyumbani. Malipo mengi kule ni ya Alipay au WeChat, programu za simu za kulipia, nazo hupokea kadi za benki za kigeni. Unganisha yako mapema, maana ujumbe wa uthibitisho huja kwenye laini yako ya kawaida. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya huko, hivyo pakua ramani na programu ya kutafsiri, uwaage jamaa wasije wakadhani umepotea.

Kuhusu tarehe, sina la kubembeleza: kimbia wiki ya kwanza ya Oktoba. Ni likizo ya taifa zima, na Ukuta Mkuu pale Badaling, sehemu yake inayojaa watu kuliko zote, utaona visogo vya watu tu. Hata siku za kawaida mimi ningechagua Mutianyu, sehemu nyingine ya ukuta huo, kuna nafasi zaidi na gari la kamba la kukupandisha. Ngazi zake hazilingani kimo, magoti yatakusimulia. Januari Beijing huganda. Koti la baridi ya Arusha halitoshi.

Xi'an, mji mwingine wa kale, unafika kutoka Beijing kwa treni ya mwendo kasi, safari ya saa tano hivi, na tiketi yake nayo ni kwa pasipoti. Wanajeshi wa udongo, yaani sanamu za kale za askari zilizozikwa karibu na kaburi la mfalme, waliofukuliwa na wakulima wakichimba kisima mwaka 1974, wako Lintong, nje ya mji. Mwombe mtu wa hoteli akuandikie jina la makumbusho kwa Kichina umwoneshe dereva, kwani wapo wanaowapeleka wageni kwenye maduka ya sanamu kwanza.