Kufunga gesi kwenye gari: anza na injini, kisha mtungi

Kabla ya kuuliza bei ya kufunga CNG (gesi asilia iliyoshindiliwa), fungua boneti usome modeli ya injini. Toyota IST yenye 1NZ-FE au 2NZ-FE hupulizia petroli kwenye manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), kwa hiyo mfumo wa kawaida wa injekta (vipulizio) nne za gesi unaikaa vizuri. Premio ya cc 2000 yenye 1AZ-FSE ni habari nyingine. Ile S inamaanisha petroli hupuliziwa ndani ya silinda. Ukifunga mfumo wa kawaida, injekta za petroli zinabaki kwenye moto bila cha kuzipooza, zinaungua. Hiyo inataka kompyuta yake maalumu, na itaendelea kunywa petroli kidogo hata ukiwa kwenye gesi.

Mtungi hutajwa kwa lita, gesi huuzwa kwa kilo. Wa lita 60 ukijazwa kwa bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) hubeba kama kilo 10, sawa na lita 15 hivi za petroli. IST inayokwenda kilomita 12 kwa lita mjini itakupa karibu kilomita 180. Ukiwa wa chuma, mtungi huo mtupu unafika kilo 60, na buti ndiyo imekwisha. Soma maandishi ya mtungini: kiwango cha usalama (ISO 11439 au ECE R110), mwaka wa kutengenezwa na mwisho wa matumizi. Uliofutwa maandishi au kupakwa rangi juu yake, ukatae hata ukipewa bure.

Regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi, ndiyo inayosumbua wengi. Gesi ikishuka kutoka bar 200 hadi kama 2 hupoa mno, ndiyo maana maji ya moto ya injini lazima yapite humo. Hewa ikinasa kwenye mipira ya maji, regyuleta inaganda na gari linapoteza nguvu mlimani. Hakikisha pia inamudu nguvu za injini yako.

Siku ya kufunga, simama karibu wakati wa kutoboa manifodi. Ivuliwe kwanza! Fundi anayeitoboa ikiwa bado juu ya injini anaangusha chenga ndani, na chenga hizo huishia kwenye valvu. Mipira ya kutoka injekta za gesi iwe mifupi na yenye urefu sawa, la sivyo injini itatetemeka ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta.

Gesi inataka cheche kali kuliko petroli. Koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) iliyochoka, ambayo kwenye petroli ilikuwa inajikongoja, itaanza kumisi, yaani kuruka cheche. Badilisha plagi na koili mbovu kwanza, usije ukailaumu gesi. Petroli nayo isikauke: weka angalau robo tangi, kwani gari huwaka kwa petroli na pampu hupozwa nayo.

Gari likishajazwa gesi, pakaa povu la sabuni kwenye kila maungio, kuanzia valvu ya mtungi hadi regyuleta. Mapovu yakifura, fundi akaze kabla hujamalizia kumlipa salio.