Altrasaundi ya kuangalia ubongo wa mtoto tumboni, nenda lini na uulize nini

Dada zangu wa Dodoma, wengi tunapiga altrasaundi moja tu, ya kujua ni wa kike au wa kiume, basi. Ya kuangalia ubongo ina wakati wake, wiki ya 18 mpaka 22, kwaiyo hesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na kama hukumbuki mwambie nesi mapema, usikisie.

Beba kadi ya kliniki, afu ukishapakwa ile jeli ya baridi tumboni usiogope kuongea, mwambie mtaalamu "naomba uniangalizie kichwa na uti wa mgongo". Atapima vile vijumba vya maji ndani ya ubongo, upana unatakiwa uwe chini ya milimita 10, ataangalia na ubongo wa nyuma maana mtoto mwenye mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri, mara nyingi dalili zinaonekana mpaka kichwani. Omba namba ziandikwe, "mtoto yuko sawa" haitoshi.

Wifi yangu aliambiwa upana ni milimita 11, akalia mpaka stendi, jamani hakuna aliyemwambia kwamba 10 mpaka 12 kama hamna kasoro nyingine watoto wengi wanakua vizuri tu. Unarudia kipimo baada ya wiki chache, daktari akiona haja anakuandikia rufaa, mfano Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, ukapige MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku, hakina mionzi.

Ikithibitika ni kichwa maji au mgongo wazi, panga mapema kujifungulia palipo na daktari wa upasuaji wa ubongo, usisubiri uchungu ukukute kijijini.