Kuiachia Git kazi ya kupanga msimbo: Black na pre-commit kwa timu ya Python

Mtu akibadilisha mistari mitatu kwenye hesabu ya kodi ya nyumba, na editori yake ikagusa nukuu na nafasi za faili nzima, mkaguzi hufungua mabadiliko akakutana na ukuta wa nyekundu na kijani, yaani mistari iliyofutwa na iliyoongezwa. Ile mitatu inayogusa pesa ya mpangaji hupita bila kusomwa. Kwa timu za hapa Nairobi, ambako karibu kila mfumo unapokea malipo ya M-Pesa mahali fulani, hiyo ni hatari ya kweli. Ndiyo maana nasisitiza kanuni za kupanga msimbo zikae ndani ya repo, yaani folda ya mradi ambayo Git hutunza historia yake, ili kila laptopu izifuate zile zile.

Hapa natumia Python na Black, programu inayopanga msimbo wa Python yenyewe. Wanaoandika JavaScript watumie Prettier, na wa Go tayari wana gofmt. Mfuatano wa hatua ni ule ule, na tafadhali usiuruke, maana hatua ya tatu inategemea mbili za kwanza.

Hatua ya 1: Kubalianeni toleo moja

Kila mtu asakinishe toleo lile lile:

```
pip install "black==24.4.2"
```

Kisha andika kwenye `pyproject.toml`:

```
[tool.black]
required-version = "24.4.2"
```

Mwenye toleo tofauti atakataliwa na Black papo hapo. Urefu wa mstari uacheni ulivyo, herufi 88. Nimesikia mabishano marefu kuhusu namba hiyo, na hakuna mteja aliyewahi kufaidika nayo. Hivi ndivyo Black inavyofanya kazi. Msimbo huu:

```
def thibitisha_malipo(namba,kiasi, kumbukumbu = 'kodi'):
    if kiasi<=0 : return None
    return {'namba':namba,'kiasi':kiasi,
      'kumbukumbu':kumbukumbu}
```

unakuwa huu:

```
def thibitisha_malipo(namba, kiasi, kumbukumbu="kodi"):
    if kiasi <= 0:
        return None
    return {"namba": namba, "kiasi": kiasi, "kumbukumbu": kumbukumbu}
```

Maana haijabadilika hata kidogo. Ila sasa ile `return None` imepata mstari wake, na anayekagua anaiona mara moja.

Hatua ya 2: Malizeni suala la miisho ya mistari

Timu nyingi zina mchanganyiko wa Windows na Ubuntu, na mifumo hiyo miwili humaliza mistari kwa alama tofauti. Black haitawasaidia hapo: hutazama mstari wa kwanza wa faili na kufuata alama iliyoikuta. Weka faili la `.gitattributes` kwenye folda kuu ya repo:

```
* text=auto eol=lf
```

Halafu:

```
git add --renormalize .
git add .gitattributes pyproject.toml
git commit -m "Weka kanuni za mpangilio"
```

Hatua ya 3: Panga repo nzima kwa komiti moja

Hapa ndipo timu nyingi hukwama, kwa hiyo twende polepole. Chagueni siku yenye matawi machache yaliyo wazi, yaani kazi chache ambazo bado hazijaunganishwa. Ijumaa mchana hufaa. Kwenye `main`, tawi kuu:

```
black .
git commit -am "Panga msimbo wote kwa Black"
```

Komiti hiyo, yaani rekodi hiyo moja ya mabadiliko, isibebe kitu kingine chochote, hata kosa dogo la tahajia ulilolipita njiani. Inapobaki safi, unaweza kuokoa tawi la mwenzako aliyekuwa katikati ya kazi. Bila hivyo, akijaribu kuunganisha na `main` atapata migongano kwenye karibu kila faili, na atashinda siku nzima akichagua kati ya nukuu moja na nukuu mbili.

Chukua namba ya komiti hiyo, tuiite NAMBA. Mwenye tawi afanye hivi:

```
git merge -X renormalize NAMBA^
black .
git commit -am "Panga tawi langu"
git merge -s ours NAMBA
git merge main
```

Mstari wa kwanza unaleta kila kitu kilichotangulia upangaji, bila ugomvi wa miisho ya mistari. Migongano ikitokea hapo, ni ya kazi halisi, ile ambayo angelazimika kuitatua hata bila Black. Kisha tawi lake linapangwa kwa kanuni zile zile. Ule wa nne unaiambia Git ihesabu komiti kubwa kuwa imeshaunganishwa, na ibaki na faili zake zilivyo. Ni salama kwa sababu tu komiti ile ina upangaji peke yake. Ukiwa umechomekea marekebisho mengine ndani yake, yatapotea kwenye tawi hilo kimyakimya.

Linabaki suala la `git blame`, inayoonyesha nani aligusa mstari mara ya mwisho. Bila kinga, msimbo wote sasa utaonekana ni wako. Tengeneza faili la `.git-blame-ignore-revs`, uandike humo namba kamili ya komiti, herufi zote 40. Ongeza na ya hatua ya 2 ikiwa ilibadilisha faili nyingi. Halafu kila mmoja kwenye mashine yake:

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

GitHub husoma faili hilo yenyewe likiwa kwenye folda kuu. Git ya kabla ya 2.23, iliyotoka 2019, haiujui mpangilio huu, kwa hiyo angalia `git --version` kwenye laptopu za zamani. Na kama huwa mnabana komiti zote kuwa moja wakati wa kuunganisha, chukueni namba iliyofika `main`, kwa sababu ile ya tawini haitakuwepo tena kwenye historia.

Hatua ya 4: Weka pre-commit

pre-commit ni zana itakayoendesha Black kila mtu anapokomiti. Andika `.pre-commit-config.yaml`:

```
repos:
  - repo: https://github.com/psf/black-pre-commit-mirror
    rev: 24.4.2
    hooks:
      - id: black
```

Kisha:

```
pip install pre-commit
pre-commit install
pre-commit run --all-files
```

Amri ya mwisho hupakua Black kutoka intaneti na kuihifadhi, kwa hiyo iendesheni mkiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, msije mkala bando lenu. Baada ya hapo kazi huendelea hata mtandao ukikatika.

Waambieni wageni mapema kitakachotokea. Mtu akikomiti faili lisilopangwa, ataona `Failed` na maneno `files were modified by this hook`. Hakuna kilichoharibika: faili limeshapangwa, na Git inasubiri alikubali. Atumie `git add` tena, kisha akomiti upya.

Hatua ya 5: Kagueni kwenye seva pia

Skripti za `.git/hooks`, ambako pre-commit hujisakinisha, hazisafiri na `git clone`, na yeyote anaweza kuziruka kwa `--no-verify`. Kwa hiyo ongezeni amri hii kwenye ukaguzi wa seva, iwe GitHub Actions au GitLab:

```
black --check .
```

Faili moja lisipokuwa sawa, amri inafeli. Ufanyeni ukaguzi huo uwe sharti la kuunganisha na `main`. Seva isipange na kukomiti yenyewe. Mwenye kazi aone faili zake kabla hazijaingia.

Black hubadilisha mtindo wake kwenye toleo la kwanza la kila mwaka. Mkipandisha toleo, badilisheni namba kwenye `pyproject.toml`, kwenye `rev` na kwenye seva, kisha mpange upya kwa komiti yake pekee. Namba ya komiti hiyo iongezwe chini ya zile za mwanzo kwenye `.git-blame-ignore-revs`.